Kupima baridi ya chumvi kwa thamosi ya chai

Binti ya dada yangu, aliye katika Kidato cha Nne, alikuja kukaa nasi hapa Umoja wakati wa likizo ya Agosti, na jioni ya pili tangu afike aliweka daftari lake la kemia juu ya meza ya chakula, akaniuliza swali ambalo lilinichukua karibu wiki tatu kulijibu. Shuleni kwao walikuwa wameyeyusha amoniamu kloridi katika maji ili wapate badiliko la enthalpi, yaani joto linaloingia au kutoka, kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ya chumvi hiyo, na ingawa makundi yote manane yalichota kutoka katika chupa moja, hakuna makundi mawili yaliyopata jibu moja. Kundi lake lilipata kilojuli 11.2, majirani zao wakapata 9.6, na kundi lililosifiwa likapata 13. Kisha mwalimu akaandika 14.8 ubaoni, akasema hilo ndilo jibu, akafuta ubao.

"Mjomba," akaniambia, "kama sote manane tumepata chini ya 14.8, hiyo si bahati mbaya. Kuna kitu kinachotupunja."

Nililipenda neno hilo, kwa sababu ndilo neno la mtu anayeishuku mizani ya muuza nyama. Makosa ya bahati huenda huku na huku: mmoja huzidisha, mwingine hupunguza. Makosa yanapoelekea upande mmoja tu, ujue kuna mlango uliofunguka mahali fulani, na mlango huo unaweza kutafutwa. Mimi ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi katika Eneo la Viwanda, na kupima vitu ndiyo riziki yangu, lakini ni lazima nikiri kwamba jaribio hili sikuwahi kulifanya kwa haki. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na vipimajoto vinne kwa darasa la wanafunzi zaidi ya arobaini, na tuliokosa kipimajoto tuliandika kwa penseli, tukasubiri kusikia wenzetu wamepata ngapi, kisha tukapika matokeo yetu yaive jirani na yao. Nilipata alama nzuri sana katika mada hiyo.

Kinachopimwa chenyewe ni rahisi kukieleza. Chumvi inapoyeyuka katika maji, ama hufyonza joto kutoka katika maji hayo na kuyapoza, ama hutoa joto na kuyapasha. Jaribio likifanyika katika chombo kilicho wazi kwa hewa, yaani katika shinikizo lisilobadilika, kiasi cha joto kinachoingia au kutoka ndicho badiliko la enthalpi, nalo huandikwa kwa kila moli moja ya chumvi ili chumvi mbalimbali ziweze kulinganishwa. Likiwa na alama ya kujumlisha, chumvi imefyonza joto. Likiwa na alama ya kutoa, chumvi imelitoa. Mpwa wangu aliuliza iwapo kukaa kwetu Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kunaweza kuharibu jibu. Hapana. Hakuna gesi inayozalishwa wala kutumika hapa, na vitu vigumu na vimiminiko havijali sana uzito wa hewa iliyo juu yao. Mlango wa kupunjwa haukuwa huo.

Sababu ya chumvi moja kupoza na nyingine kupasha iko katika mapambano ya nguvu mbili. Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zilizopangana ndani ya fuwele zimeshikana kwa nguvu, na kuzitenganisha kunagharimu nishati nyingi. Lakini zikishatengana, molekuli za maji huzizunguka na kuzikumbatia, na kukumbatiwa huko hurudisha nishati. Kwa chumvi ya mezani gharama ya kuvunja fuwele ni kama kilojuli 787 kwa moli, na kinachorudishwa na maji ni kama 783, kwa hiyo linalobaki ni deni la karibu kilojuli 4. Ni kama mfanyabiashara wa Gikomba anayenunua marobota kwa shilingi 787,000 na kuyauza kwa 783,000: biashara ilikuwa kubwa, lakini mfukoni ameguswa kwa shilingi elfu nne tu. Ndiyo maana hakuna anayehisi baridi anapotia chumvi kwenye maji ya ugali. Amoniamu kloridi ina deni la kilojuli 14.8, amoniamu naitreti 25.7, na potasiamu naitreti karibu 35. Kwa upande wa pili, kalsiamu kloridi isiyo na maji ndani ya fuwele zake hurudisha faida ya kilojuli zaidi ya 80, na chombo chake hupata moto mkononi. Mtu anaweza kushangaa chumvi yenye deni inawezaje kuyeyuka yenyewe bila kulazimishwa. Jibu ni kwamba ayoni zilizotawanyika majini zina njia nyingi zaidi za kujipanga kuliko zilizofungwa katika fuwele, na uhuru huo unalipia deni la joto.

Basi tukaanza. Duka la vifaa vya maabara mjini liliniuzia gramu 500 za amoniamu kloridi, nami nikanunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu pamoja na kipimajoto cha dijitali chenye sindano, kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Kifaa hicho cha pili ndicho kilichobadilisha mambo zaidi. Vipimajoto vya kioo vilivyo katika shule nyingi vina alama kwa kila nyuzi moja, na mwanafunzi hukadiria nusu yake kwa jicho. Badiliko lenyewe likiwa ni nyuzi 6, kukosea nusu nyuzi mwanzoni na nusu nyingine mwishoni kunaweza kuligeuza kuwa 5 au 7, na hapo umeshapoteza sehemu moja ya sita ya jibu lako hata kabla hujafanya hesabu. Kosa la namna hiyo hata hivyo huenda pande zote mbili, kwa hiyo halikuweza kuwa ndilo linalowapunja wote manane.

Jaribio la kwanza tulilifanya ndani ya bilauri nene ya kioo, ili lifanane na bika la shuleni. Tulipima gramu 100 za maji, tukayaacha mezani hadi yakawa na halijoto ya chumba, nyuzi 20.0, kisha tukamimina gramu 10.0 za chumvi kwa mara moja na kukoroga taratibu huku mpwa wangu akisoma kipimajoto kila baada ya nusu dakika. Uzuri wa amoniamu kloridi ni kwamba haikawii. Bilauri ilipata ukungu kwa nje, na namba zikashuka mbele ya macho yetu: 17.1, 15.0, 14.3. Zilipofika 14.3, baada ya dakika moja na nusu, zilisimama kwa muda mfupi mno, zikaanza kupanda tena. Dakika ya tano zilikuwa 15.0.

Hesabu yake ni hii. Gramu moja ya maji huhitaji juli 4.18 ili ipande au ishuke kwa nyuzi moja, kwa hiyo gramu 100 zilizoshuka kwa nyuzi 5.7 zimenyang'anywa juli 2,383. Moli moja ya amoniamu kloridi ina gramu 53.5, hivyo gramu 10.0 ni moli 0.187. Ukigawanya, unapata kilojuli 12.7 kwa moli. Tulikuwa tumewapita wengi wa darasa lake, lakini bado tulikuwa chini ya 14.8.

Mpwa wangu alielekeza kidole kwenye zile namba zilizopanda. Kama kati ya dakika ya pili na ya tano maji yalipata joto kutoka chumbani kwa kiasi cha kama sehemu mbili za kumi za nyuzi kila dakika, basi hata katika ile dakika moja na nusu ya kwanza joto lilikuwa likiingia, na 14.3 si mahali ambapo maji yangefika kama yangeachwa peke yao. Hii ndiyo sababu wanafunzi huambiwa wachore grafu ya halijoto dhidi ya muda, wafuate mstari ule unaopanda, waurudishe nyuma kwa rula hadi wakati chumvi ilipotiwa, na wasome halijoto hapo. Wengi huchora mstari huo kwa kuwa mtihani wa vitendo unautaka, bila kujua kwamba ni njia ya kudai joto lililoingia bila hodi. Tulipouchora wetu, tulipata kama 14.1 badala ya 14.3, na jibu likapanda kufikia 13.2. Bado.

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara ya jikoni angefanya. Nilichukua thamosi.

Chupa hii tunayowekea chai ni ugunduzi wa maabara kabla ya kuwa chombo cha wageni. Mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892 ili ahifadhi vimiminiko vya baridi kali: kuta mbili za kioo, katikati yake hakuna hewa, na kioo kimepakwa fedha ili kirudishe mnururisho. Nilikuwa na hakika kwamba thamosi ingemaliza kesi. Kama tatizo ni joto linaloingia kutoka chumbani, chombo kisichopitisha joto kitatupa 14.8, tutafunga daftari, tutakula.

Gramu 100 za maji, nyuzi 20.0, gramu 10.0 za chumvi, kifuniko chenye tundu la sindano ya kipimajoto, na kutikisa kwa duara badala ya kukoroga. Halijoto ilishuka hadi 14.2, ikakaa. Dakika ya tano ilikuwa 14.2, na dakika ya kumi ilikuwa 14.2 bado. Sijawahi kuona mstari ulionyooka namna ile katika grafu iliyochorwa kwenye meza ya chakula. Lakini badiliko lilikuwa nyuzi 5.8 tu, na hesabu ikatoa kilojuli 13.0. Thamosi ya shilingi elfu moja na mia nane ilikuwa imeishinda bilauri kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi.

Usiku ule nililala na swali hilo, na asubuhi nikiwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Jogoo Road nikaona jinsi nilivyojidanganya. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Chombo kinaweza kuzuia joto la chumbani lisiingie, na wakati huohuo kikawa chenyewe na joto lake la kutoa. Ukuta wa ndani wa thamosi ulikuwa kwenye nyuzi 20.0 kabla ya jaribio na kwenye nyuzi 14.2 baada yake, na joto lililotoka katika kioo hicho liliingia katika maji, likasaidia kulipa deni la chumvi, lakini sisi tulihesabu kana kwamba maji peke yake ndiyo yaliyolipa. Kila mama wa Nairobi anayelijua hili hulifanyia kazi bila kulipa jina: kabla ya kumimina chai huisuuza thamosi kwa maji ya moto, kwa sababu thamosi baridi hunywa joto la chai kabla ya mgeni kunywa chai yenyewe.

Kwa hiyo kikombe chepesi cha plastiki ya povu, kinachovujisha joto zaidi kuliko thamosi, kinaweza kutoa jibu lililo karibu zaidi na la kitabu, maana chenyewe hakina uzito wa kubeba joto lolote la maana. Na ndiyo sababu vikombe hivyo viwili, kimoja ndani ya kingine, vimependwa na walimu wa kemia duniani kote. Lakini nilikuwa tayari nimeipenda thamosi. Kikombe cha povu huvuja kwa kiasi kinachotegemea upepo wa dirishani na kasi ya kukoroga. Thamosi huiba kiasi kilekile kila mara, na mwizi unayejua huchukua ngapi unaweza kumwandikia hesabu.

Kujua huchukua ngapi kulihitaji maji matupu. Tulitia gramu 100 za maji ya nyuzi 20.0 ndani ya thamosi, tukaacha kwa dakika tano ili kioo na maji vilingane, kisha tukaongeza gramu 100 za maji ya nyuzi 40.0. Kama thamosi isingekuwa na tumbo, mchanganyiko ungesimama kwenye nyuzi 30.0 kamili. Tulirudia mara tatu na kupata 29.3, 29.4 na 29.3. Chukua ya kwanza: maji ya moto yalishuka kwa nyuzi 10.7, yakatoa juli 4,473. Maji baridi yalipanda kwa nyuzi 9.3, yakapokea juli 3,887. Juli 586 zilizobaki zilimezwa na thamosi ilipopanda kwa nyuzi 9.3 hizohizo, na hiyo ni juli 63 kwa kila nyuzi. Wastani wa majaribio yote matatu ulikuwa karibu juli 60. Sehemu hii inahitaji mkono mwepesi, kwa kuwa maji ya moto hupoa hata yakiwa hewani kati ya jagi na mdomo wa thamosi, na anayesoma halijoto yake sekunde thelathini kabla ya kumimina huisingizia thamosi ulafi ambao si wake.

Baada ya hapo hesabu ilibadilika kwa neno moja. Kilichopoa si maji tu, bali maji pamoja na thamosi: juli 418 kwa nyuzi kwa maji, juli 60 kwa thamosi, jumla 478. Zidisha kwa 5.8, upate juli 2,772. Gawanya kwa moli 0.187.

Kilojuli 14.8.

Mpwa wangu alipiga meza kwa furaha, nami nikamwambia asubiri, kwa maana namba inayokuja sawasawa kama ilivyotakiwa hunipa wasiwasi kazini kuliko namba mbaya. Tulirudia mara mbili zaidi na kupata mshuko wa nyuzi 5.7 na 5.9, ambao ni kilojuli 14.6 na 15.1. Kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi katika kuipima thamosi yenyewe hubadilisha zile juli 60 kwa kama juli 10, na hizo ni asilimia mbili ya jumla. Ukiongeza kosa la kusoma kipimajoto, hatukuwa na haki ya kudai zaidi ya kusema kwamba jibu liko kati ya 14.4 na 15.2. Hilo linatosha. Muhimu ni kwamba sasa matokeo yetu yalikuwa yakitawanyika juu na chini ya 14.8, wala hayakuwa tena yote chini yake.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule havikubaliani, nalo linastahili kuzungumzwa kwa sababu linaweza kuharibu jibu zuri. Je, uzito unaotumika katika hesabu ni wa maji peke yake, gramu 100, au wa maji na chumvi, gramu 110? Wa pili unaonekana kuwa wa haki zaidi, kwa kuwa chumvi nayo imepoa. Lakini ukitumia gramu 110 na bado ukadai kwamba kila gramu inahitaji juli 4.18, jibu letu linaruka hadi 16.1. Kosa haliko katika uzito; liko katika ile 4.18, ambayo ni ya maji safi. Maji yenye ayoni huhitaji joto pungufu kwa kila gramu: maji ya chumvi ya mezani yenye asilimia 10 ya chumvi huhitaji takriban juli 3.7 kwa gramu. Kwa hiyo gramu 100 za maji hayo ya chumvi hubeba karibu juli 370 kwa nyuzi, na gramu 90 za maji safi yaliyomo ndani yake, zikiwa peke yake, zingebeba juli 376. Ni karibu sawa kabisa, kana kwamba chumvi haipo. Sababu ni kwamba ayoni hushikilia molekuli za maji zilizo karibu nazo na kuzipunguzia uhuru wa kucheza, na molekuli iliyoshikiliwa haiwezi kumeza joto kama ilivyoweza awali. Kutumia uzito wa maji peke yake, ambako mwanafunzi huonekana kama amesahau kitu, ndiko kunakokaribia ukweli zaidi kwa chumvi za namna hii. Kwenye mtihani hata hivyo nilimshauri afuate maagizo yaliyo kwenye karatasi.

Kufikia wiki ya pili mke wangu aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari, "Baba Neema, ile thamosi ya wageni iko wapi?" Nilinunua nyingine. Hii yetu sasa ina karatasi iliyobandikwa yenye maneno SI YA CHAI, na yeyote atakayefuata nyayo hizi ninamwomba afanye vivyo hivyo siku ya kwanza, kwani chombo kilichotumiwa kwa kemikali hakirudi jikoni.

Jaribio ambalo mpwa wangu alilipenda kuliko yote halikuhitaji duka la maabara. Tulichukua sodiamu bikaboneti, ile soda ya kuumua mandazi, tukayeyusha gramu 5.0 katika gramu 100 za maji, na halijoto ikashuka kwa nyuzi 2.0. Kisha tukaweka gramu 20.0 za unga huohuo kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo wa gesi kwa muda wa saa moja, tukiugeuza kwa mwiko. Unga ulikuwa ukitokota kama uji mzito ingawa ulikuwa mkavu, kwa sababu mvuke na kaboni dioksidi vilikuwa vikitoka chini na kuuinua. Ulipotulia tulipima gramu 12.7, na hesabu ya moli ilikuwa imetuahidi 12.6. Sasa ulikuwa sodiamu kaboneti. Kwa macho haukuwa umebadilika hata kidogo. Tulitia gramu 5.0 za unga huo mpya katika maji, ukaganda mabonge kwanza hadi tukautikisa sana, na halijoto ikapanda kwa nyuzi 2.6, ambayo ni kilojuli 26 hivi kwa moli zilizotolewa. Unga mweupe wa kopo lilelile ulikuwa umepoza maji saa nne asubuhi na kuyapasha saa saba mchana.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukutumia magadi ya kawaida, yale mabonge yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainishia mahindi na maharagwe au kupikia mrenda, hasa ikizingatiwa kwamba Ziwa Magadi liko hapa jirani Kajiado. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti yakiwa na maji ndani ya fuwele, pamoja na chumvi ya kawaida na udongo kidogo, na bila kujua moli ngapi za nini zimo katika gramu 10 huwezi kuandika "kwa kila moli". Ni chakula kizuri na kipimo kibaya. Nitaje pia ajali yetu ya pekee: siku hiyo ya kaboneti kizibo cha thamosi hakikuwa kimeoshwa vizuri, kikiwa bado na unyevu wa amoniamu kloridi ya jana yake, na tulipokitikisa pamoja na kaboneti ilitoka amonia kali kama ya vyoo vya stendi, tukafungua madirisha yote. Vitu hivyo viwili visikutane.

Kisa cha unga uliookwa kilitufikisha kwa mwanakemia Germain Henri Hess, aliyezaliwa Geneva mwaka 1802 na kufanya kazi zake St Petersburg, ambaye mwaka 1840 alitangaza kwamba jumla ya joto katika badiliko la kikemia ni ileile, upite njia moja au njia kumi. Kwa mpima chumvi, sheria hiyo ni kama ufunguo wa chumba kisichoingilika. Chukua mrututu. Fuwele zake za buluu zina molekuli tano za maji kwa kila moja ya shaba salfeti. Ukizichoma zinakuwa unga mweupe. Ungependa kujua unga huo hutoa joto kiasi gani unapokunywa maji yake matano na kurudi kuwa wa buluu, lakini huwezi kupima moja kwa moja, kwani huwezi kuuwekea matone matano kamili kwa kila chembe na kuuzuia usiendelee kuyeyuka. Kwa hiyo unayeyusha vyote viwili, kila kimoja peke yake, katika maji mengi. Unga mweupe hutoa karibu kilojuli 66 kwa moli, fuwele za buluu hufyonza karibu 12, na wote wawili huishia katika myeyusho uleule. Tofauti yake, kilojuli 78, ndiyo joto la kunywa maji matano, na hakuna aliyelipima kwa kulitazama uso kwa uso.

Wiki ya tatu, kabla hajarudi shuleni, nilimwambia kwamba bado sijaridhika na zile juli 60. Tulizipata kwa maji ya moto, tukazitumia kwa chumvi tuliyokuwa tayari tunajua jibu lake, na mimi ninajua vizuri jinsi mtu anavyoweza kupika bila kujijua, kwa kuchagua mahali pa kusimama. Katika maabara kubwa kalorimita, yaani vyombo vya kupimia joto linaloingia au kutoka, hukaguliwa kwa potasiamu kloridi, kwa hiyo nilinunua gramu chache na kumpa bila kumwambia kitabu kinasema nini. Alipima gramu 10.0, ambazo ni moli 0.134, katika gramu 100 za maji ya nyuzi 20.1. Mstari ulitulia kwenye 15.3. Alizidisha 4.8 kwa 478, akagawanya, akaandika 17.1 kwa kalamu ya wino. Nilimfungulia jedwali: 17.2.

Mrututu bado unangoja. Nimeshautenga kidogo kazini katika chupa yenye lebo ya sumu, kwa ajili ya likizo ya Desemba, na itabidi tuufanyie jaribio lake hukohuko, kwa kuwa mke wangu amekataa katakata usivuke mlango wa nyumba yake.